Mtungi Usiokaushwa

Kwaru, kwaru, kwaru! Msambweni bado giza, na Mwanarusi alikuwa amekwisha kukalia mbuzi, anakuna nazi.

Mwanarusi alikuwa mjane. Mafuta ya nazi aliyoyauza ndiyo yaliyowalisha watoto wake na mavyaa wake, Bi Esha, mama wa marehemu mumewe.

Kulipokucha, Boga mwenye duka alimrudishia chupa zote.

"Bi Mwanarusi, yananuka! Jana bibi harusi alipakwa, bwana akakimbilia uani! Yakinuka tena, nitachukua ya mwingine."

Alasiri Mwanarusi alikwenda darasa la akina mama. Uhuru ulikuwa mchanga, na mwalimu, Bi Mwanapili, alikuwa mgeni. Akatoa uzi na sindano.

"Leo tutafuma vitambaa vya meza."

Mwanarusi akasimama. "Mwalimu, meza yenyewe sina! Mafuta yangu yananuka. Nifundishe hilo."

Wanawake wakacheka. Mwanapili akaweka sindano chini. "Kweli. Nipeleke nikaone unavyofanya."

Nyumbani, Mwanarusi alichemsha tui mpaka mafuta yakatoka. Akataka kuyamimina mtungini.

"Ngoja," alisema mwalimu. "Mbona humu mtungini mna mafuta ya zamani?"

Bi Esha akadakia, "Mtungi wa mafuta haukaushwi, mwanangu. Ukikauka, baraka imetoka."

"Shikamoo, mama. Baraka hutoka kwa Mungu. Mafuta yaliyochacha huyaharibu mapya. Na haya bado yana maji; sikilizeni yanavyotatarika. Yaacheni motoni mpaka yanyamaze. Kisha yachujeni, myatie katika chombo kilichooshwa na kukauka kabisa."

"Mtungi huu ni wa mama yangu!" alifoka Bi Esha. "Nyinyi mmezaliwa jana!"

Mwanarusi alimheshimu mavyaa wake. Lakini kuheshimu si kufa njaa. Aliyamwaga mafuta ya zamani, akausugua mtungi kwa majivu, akauanika juani. Bi Esha akamnunia, hata chai akaikataa.

Mafuta mapya yalikaa dukani muda mrefu, yasinuke. Boga akaja mwenyewe mlangoni.

"Bi Mwanarusi, ongeza! Hata watu wa Kona ya Musa wanayaulizia."

Alipokwenda zake, Bi Esha alitia tone kiganjani. Akanusa. Akajipaka nyweleni, polepole.

"Huyo mwalimu wenu," aliuliza, "vikongwe anawafundisha? Mikeka yangu inapauka rangi, sijui kwa nini."

Mwanarusi akamshika mikono.

"Mama, nakuahidi. Jumatano, siku ya darasa, nitakupeleka mwenyewe, nitakukalisha mbele. Na usipofundishwa rangi, hatutoki!"