Kuku Kumi na Wawili Kwenye Nyasi

Kila asubuhi, kabla ya kuvaa sare za shule, Bi Ndoto aliokota mayai. Jina hilo alipewa na mama yake, maana aliweza kusimama na yai mkononi mpaka likapoa. Bandani kulikuwa na joto na vumbi la pumba, na mwanga ulipenya kwenye wavu ukatua migongoni mwa kuku. Yeye aliona kama wote wanaota ndoto moja, ya kutembea. Kila mmoja aliishi ndani ya kizimba kisichomtosha hata kukunjua mabawa. Tangu alipolitambua hilo, nyama na mayai vilimshinda, akawa anampa paka kwa siri chini ya meza.

Jioni moja mama alisema, "Wale kumi na wawili wa safu ya mwisho wamechoka kutaga. Kesho mwenye bucha anawachukua."

Kulipopambazuka Bi Ndoto aliwabeba mmoja mmoja hadi kwenye nyasi nyuma ya banda. Kuku wakainua miguu juu juu, wakiitazama ardhi kama mgeni anayeogopa kukanyaga zulia la watu. Akaenda shule moyo mweupe, hata hodi ya mvua hakuisikia.

Aliporudi mchana, alimkuta mama amefura uani. Mbele yake alisimama mfanyakazi wao wa kulisha kuku, ambaye Bi Ndoto alimwita Mjomba, ameloa chapachapa. Ndani ya kapu lake walitetemeka kuku kumi na mmoja. Mmoja alikuwa amebebwa na mwewe.

"Miaka sita nakuamini, leo unaacha vizimba wazi!" mama alifoka. "Kusanya vitu vyako uende."

"Nilifunga, dada. Haki ya Mungu nilifunga."

Bi Ndoto alitamani ardhi ipasuke immeze. Akinyamaza, nani angejua? Lakini Mjomba alikuwa ameshaweka kapu chini, anavua buti zake za kazi.

"Mama, ni mimi," alisema huku akilia. "Sikutaka wachinjwe. Hata nyama sili tena, nampa paka."

"Kumbe!" Mjomba akasema. "Ndiyo maana paka ana kitambi."

Mama hakucheka. Alimgeukia Mjomba. "Nisamehe, kaka. Nimekuhukumu kabla ya kuuliza."

Mwenye bucha alipokuja jioni, mama alimrudisha mikono mitupu. Jumamosi wote watatu walijenga uwanja wenye uzio, paa na wavu juu. Kuku walipoachiwa humo, mmoja alilala ubavu juani, akatandaza bawa lote.

"Na wale mia tatu waliobaki ndani, mama?" Bi Ndoto aliuliza.

Mama aliweka nyundo chini.

"Hilo ni gumu, mwanangu. Hao ndio wanaotulisha. Huruma yako si kosa. Kosa ni kuificha, ukawatoa kuku bila kuwaza mvua wala mwewe, na Mjomba wako nusura akose kazi. Ukimtoa kiumbe kizimbani, umeyabeba maisha yake. Mzigo huo haubebwi kwa siri. Niulize kila siku, hata nikinuna, mpaka tupate njia."