Wazee Hawana Kiu

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule ya misheni, nilikuwa na kazi moja niliyoichukia kuliko kuchota maji: kumshikia baba kikombe. Mikono yake ilitetemeka hata uji ukamwagika kifuani. Mtu mzima kunyweshwa uji na binti yake! Niliona haya, tena nilikasirika.

Baba yangu, Byabato, alikuwa mkamuaji wa rubisi, pombe yetu ya ndizi. Hapa Nkwenda, mwaka ule wa 1953, hapakuwa na harusi bila yeye. Alikanyaga ndizi mbivu kwa miguu ndani ya mtumbwi wa mti, akachanganya maji yake na mtama uliokaangwa, na pombe ilipoiva watu walimmiminia sifa. Mkamuaji lazima aonje. Basi baba akaonja, akaonja, hata kuonja kukawa ndiyo kazi yake. Mama yangu, Joviana, alivumilia mpaka siku baba alipoanguka mkekani, nusura amlalie mdogo wangu mchanga. Mama alimfunga mtoto mgongoni, akarudi kwao Isingiro bila kuaga.

Tukabaki na bibi Kyarimpa, mama yake baba. Bibi alikuwa na maelezo yake kuhusu mikono ile.

"Ni wazee hao," alisema. "Marehemu babu yako ana kiu."

Alimwaga rubisi kidogo kizingitini, kisha akampa baba mrija wa kibuyu. Baba alivuta. Baada ya muda mfupi mikono ilitulia.

"Umeona?" Bibi alinitazama kwa fahari. "Wamekunywa, wametulia."

Niliona kwa macho yangu mwenyewe. Ningebisha nini?

Siku moja jirani alitoka Isingiro na ujumbe wa babu Ndyamukama, baba yake mama: "Mwambieni Byabato, binti yangu harudi kwa mlevi. Na Kokuberwa naye nitamchukua." Kokuberwa ndiye mimi. Baba alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akachukua kibuyu chake, akakipasua mlangoni.

"Basi! Kuanzia leo sionji tena!"

Nilifurahi, mjinga mimi. Nilidhani kuacha pombe ni kupasua kibuyu.

Kesho yake jasho lilimtoka baba kama mtu aliyenyeshewa. Alipiga kelele kwamba siafu wanapanda ukutani, na ukuta ulikuwa mtupu. Adhuhuri alianguka, macho yakageuka, mwili ukakakamaa na kurukaruka. Bibi alikwenda mbio kwa jirani, akarudi na kibuyu kingine.

"Mfungue mdomo! Wazee wamekasirika!"

"Atapaliwa, bibi! Mwache!" Nilimshika mkono kwa nguvu. Sikuwahi kumshika bibi yangu hivyo. Majirani walisikia mayowe yetu, wakaja, wakamlaza baba kwenye machela na kumbeba hadi zahanati ya misheni.

Dresa wa pale, yaani mtoa dawa wa zahanati, alikuwa Bwana Anatory, Mhaya wa Muleba, mtu wa sauti ya upole asiyepindisha neno. Alimchoma baba sindano ya kumtuliza, kisha akatuita nje. Bibi alimweleza habari za wazee na kiu yao.

"Mama," dresa alisema, "wazee hawana kiu. Wamelala. Mwenye kiu ni mwili wa mwanao. Mwili huo umezoea pombe muda mrefu mno. Ukiikosa hutetemeka, ukiipata hutulia. Ndiyo maana wewe ulidhani umewaridhisha marehemu."

"Kwa hiyo pombe ndiyo iliyomtetemesha?"

"Ndiyo. Na wewe ulimwongezea."

Bibi aliketi chini, udongoni, kwa uzito. "Mungu wangu! Mwanangu nimemnywesha kwa mkono huu huu!"

"Hukujua, mama."

"Lakini baba alikuwa ameacha!" Nilikuwa nalia kwa hasira. "Mbona kuacha ndiko kulikotaka kumwua?"

"Kwa sababu aliacha peke yake, ghafla, bila dawa. Mwili uliozoea pombe hivyo hushtuka. Huu ni ugonjwa, binti, na mgonjwa huletwa kwa tabibu. Atakaa hapa mpaka apate nguvu. Akitoka, asionje hata tone, maana tone moja litamrudisha palepale. Na asikamue tena."

Baba alipoambiwa, neno hilo la mwisho lilimwuma kuliko sindano. Nilipompelekea ndizi mbivu alikuwa ameinamia miguu yake, miguu iliyosifiwa wilaya nzima.

"Nisipokamua mimi ni nani, Kokuberwa?"

Nilimmenyea ndizi tu.

Alipopata nafuu tulikwenda Isingiro, yeye, bibi na mimi. Kwetu, mkwe anayemfuata mkewe huja na kibuyu cha rubisi, na huonja kwanza mwenyewe ili wenyeji wajue haina sumu. Baba alipiga magoti, akaweka mbele ya babu kifurushi cha jani la mgomba. Ndani mlikuwa na kahawa ya kutafuna, ambayo kwetu ni ishara ya urafiki.

"Shikamoo, baba."

Babu hakuitikia. "Kibuyu kiko wapi? Unakuja kwangu kama anayepita njia?"

Ndugu za mama waliguna. Mmoja wao alileta kibuyu cha pale pale nyumbani, akamsogezea baba mrija. "Onja basi, mila itimie."

Baba aliutazama ule mrija. Mama, aliyesimama mlangoni na mtoto, alifumba macho.

Bibi Kyarimpa aliusukuma mrija kando.

"Ndyamukama, mkwe huonja ili ijulikane pombe haina sumu. Kwa mwanangu ina sumu. Nilimpa mwenyewe, nikawasingizia marehemu. Ukitaka kumzika, mpe."

Babu alimtazama baba, kisha akachukua punje ya kahawa, akaitafuna.

"Ondoeni kibuyu," alisema.

Baba alinyoosha mikono kumpokea mtoto. Mtoto akapiga mayowe, akajificha shingoni mwa mama. Hakumjua. Baba alirudisha mikono polepole, akailaza magotini.

"Sirudi leo," mama alisema. "Kahawa ikivunwa nawe ukiwa bado hivi, bila pombe, nitakuja."

Babu alinisindikiza hadi njiani. "Mjukuu wangu, mimi nilimwita mlevi, bibi yako akamwonjesha, wengine wakamcheka. Hakuna aliyemtibu. Mgonjwa wa pombe apelekwe kwa tabibu, na akirudi, jamaa zake wauondoe mrija mbele yake. Peke yake hawezi."

Kahawa ilivunwa. Baba alikuwa kibarua wa kupalia migomba ya watu, na wengine walimcheka, lakini hakuonja. Mama alirudi.

Asubuhi ya kwanza, baba alishika kikombe chake mwenyewe. Bibi alitoka na kibuyu, nami nikainuka upesi kumzuia. Aliinama kizingitini, akamwaga maji matupu.

"Wazee, kunyweni hayo," alisema. "Nyumba hii haina kingine."