Alistidia Achagua Kadi ya Duka

Mwaka 1992, huko Hamugembe, Bukoba, Alistidia alikuwa na kiduka cha sabuni, chumvi na mafuta ya taa. Mume wake, Lwakatare, alikuwa amekufa kwa UKIMWI mwaka uliotangulia. Tangu msibani, watu walimjia na maneno matamu. Mmoja alimuuzia dawa ya uongo. Mwingine alikitaka kibanja, lile shamba la migomba alimozikwa Lwakatare. Kwa hiyo Alistidia hakumwamini mtu upesi.

Asubuhi moja alikuja Rugaibula, wakala wa duka la jumla la mjini. Alishika kadi nyekundu.

"Ma Alistidia, kwa kadi hii unachukua bidhaa leo, unalipa baadaye. Kila katoni tunakugongea muhuri. Kadi ikijaa mihuri, unapata baiskeli. Weka sahihi hapa."

Alistidia hakuigusa kadi. Mizigo yake aliibeba kichwani, na baiskeli aliitaka sana. "Nitafikiri kwanza," alisema.

"Wenzako hawafikiri. Baiskeli zitakwisha."

Haraka hiyo ilimtia shaka zaidi.

Jioni alimweleza jirani yake mzee, Ta Elieza, aliyewahi kufundisha wanachama wa ushirika.

"Zawadi itazame mwisho," alisema Ta Elieza. "Uliza kwanza bei ya taslimu na bei ya kadi. Uliza ukichelewa kulipa itakuwaje. Kisha uliza wanashika dhamana gani."

"Na wewe unapata nini hapo?"

Ta Elieza alicheka. "Sipati kitu. Lakini usiniamini mimi. Nenda ukaulize."

Kesho yake Alistidia alikwenda mjini. Alimkuta Rugaibula, akamuuliza taratibu. Kumbe kwa kadi nyekundu, katoni tano zililipiwa fedha za katoni sita. Ukichelewa, deni lilipanda kila wiki.

"Na dhamana?"

Rugaibula alitazama pembeni. "Ni desturi tu, mama. Kibanja."

"Waitu, jamani, watoto wangu wanakula humo," alisema Alistidia. "Baiskeli hiyo mnaniuzia. Hamnipi."

Akaenda duka la pili. Huko kadi haikuwa na baiskeli. Bei yake ilikuwa ile ile ya taslimu, mradi ulipe kabla ya mwisho wa mwezi. Hawakutaka dhamana, ila walianza kwa kukukopesha kidogo. Kwa kila katoni kumi ulipewa mche mmoja wa sabuni bure. Alistidia aliomba karatasi ya masharti. Alikwenda nayo nyumbani, akaisoma yote na Ta Elieza. Ndipo akaweka sahihi.

Alichukua bidhaa zile tu alizojua zitauzika. Ulikuja mwezi wa misiba mingi pale mtaani, wateja wakapungua. Lakini deni lilikuwa dogo, akalilipa mapema. Januari, binti yake Kemilembe alianza darasa la kwanza na sare mpya. Alistidia alimsindikiza hadi shuleni, kisha akarudi kufungua duka. Hakudaiwa na mtu.