Neno Lililozaliwa na Risasi

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Mdadisi alifagia ua. Hilo halikuwa jina lake la shule, bali jina ambalo binti huyu alipewa nyumbani kwa sababu ya maswali yake yasiyokwisha. Kazi ya kufagia hakungoja kutumwa. Baba yake alikuwa fundi betri, na kazi ya fundi betri ina uchafu wa kutosha watu kumi.

Pembeni mwa ua palikuwa na kibanda cha mabati. Humo baba alivunja betri kuukuu za magari, akatoa vipande vya risasi vilivyomo na kuviyeyusha kwenye sufuria nzito juu ya jiko la mkaa. Risasi hiyo si ile ya bunduki. Ni madini ya kijivu, mazito lakini laini, yanayoyeyuka upesi motoni. Baba aliyamimina kwenye vishimo vya mchanga, yakaganda na kuwa timazi, yaani kile kizito ambacho waashi hukifunga kwenye uzi ili wajue kama ukuta umesimama wima au umelewa. "Kuta zote za mtaa huu zimenyooka kwa sababu yangu," baba alipenda kutamba. Nyumba yao wenyewe ilikuwa imeinama kidogo upande wa choo, lakini hilo hakulitaja.

Basi Mdadisi alifagia vumbi la kijivu mpaka likapaa juu ya mlango. Mdogo wake aliketi karibu, akipanga vipande vya risasi mstari mmoja kama magari. Mara ashike kipande, mara atie vidole mdomoni. Huyo aliitwa Chiriku, na jina hilo alilipata kwa haki. Alipokuwa na miaka miwili na nusu alizungumza tangu alfajiri hadi usingizi umshike. Alizungumza na kuku, na ndoo, na viatu vya baba. Wageni walishika masikio na kucheka.

Sasa Chiriku alikuwa na miaka minne, na maneno yalikuwa yakimpotea moja baada ya jingine. Alianza kusahau majina ya majirani. Kisha akasahau nyimbo, kisha majina ya vitu vya nyumbani. Tumbo lilimsokota mara kwa mara, na mashavu yake yalikuwa yamepauka. Mama alimpa dawa ya minyoo mara mbili. Majirani walisema wavulana huchelewa kuongea. Lakini Chiriku hakuwa amechelewa. Alikuwa amewahi, kisha akarudi nyuma, na hilo lilimkondesha mama yake.

Shuleni, mwalimu wa Kiingereza alikuwa mtu mrefu mwenye suti moja na tai nyingi, ili kila siku aonekane mpya. Siku moja aliingia darasani na boksi la chaki lililojaa vikaratasi.

"Kila neno lina ukoo wake," alisema. "Lilizaliwa mahali, likasafiri, likaoa na kuolewa, mpaka likafika kwenye daftari lako. Kila mmoja atachukua karatasi moja. Nendeni mkaniletee ukoo wa neno hilo."

Kila mtu alitaka kupata neno la rubani au la mfalme. Mdadisi akachomoa karatasi yake: "plumber". Maana yake ni fundi bomba. Darasa zima likaangua kicheko.

"Sisi wengine tutaleta ukoo wa wafalme," alisema msichana aliyekaa naye dawati moja. "Wewe utatuletea ukoo wa choo!"

Mdadisi hakujali. Wakati wa mapumziko alikwenda kwenye chumba cha vitabu, akafungua kamusi, kisha kitabu kikubwa cha maarifa ambacho jalada lake lilishaanguka. Humo alikuta habari iliyomfanya asahau hata njaa. Warumi wa kale waliiita risasi "plumbum". Mabomba yao ya maji waliyatengeneza kwa risasi, na fundi wa mabomba hayo akaitwa kwa jina la madini yake. Neno likapita kwa Wafaransa, likafika kwa Waingereza, likavaa sura mpya. Ndiyo maana lina herufi ya b ambayo haitamkwi. Ni alama ya nyumbani kwao.

"Kumbe baba na fundi bomba ni ndugu!" Mdadisi alijisemea, akacheka peke yake.

Kitabu kilisema: kwa habari zaidi, soma chini ya neno risasi. Mdadisi akafunua kurasa. Risasi ni sumu, kitabu kilisema. Huingia mwilini kwa moshi, kwa vumbi na kwa mikono michafu. Tangu zamani watu walioifanyia kazi waliumwa matumbo, walipauka, mikono yao ilitetemeka. Watoto ndio huumia zaidi, kwa sababu risasi huharibu ubongo unaokua. Mtoto aliyekwisha kujifunza jambo anaweza kulisahau.

Mdadisi alisoma sentensi hiyo mara tatu. Kengele ya kumaliza mapumziko ililia na hakuisikia.

Jioni hiyo aliandika insha ya kurasa mbili. Ukurasa wa kwanza ulikuwa wa Warumi na mabomba yao. Ukurasa wa pili ulikuwa wa sumu, na mwishoni aliandika: "Nafikiri mdogo wangu anaumwa ugonjwa huu." Alikuwa bado ameshika kalamu baba alipoingia na boksi mkononi, akitabasamu mpaka jino la mwisho.

"Haya, fungua."

Ndani mlikuwa na viatu vya shule, vyeusi, vinavyong'aa. Vile vya zamani vilikuwa vimefungwa kwa waya.

"Umeviona hivyo?" baba alisema. "Hizo ni timazi tupu, mwanangu. Bila kile kibanda tungekula nini hapa? Upepo?"

Mdadisi alisema asante. Baba alipotoka, alizitazama zile kurasa mbili kwa muda mrefu. Angemwambia nini? Kwamba kazi inayowalisha ndiyo inayowaua? Na yule msichana wa dawati lake angesema nini, akisikia kwamba kwao kumejaa sumu? Tena labda kweli ni minyoo. Mama ni mtu mzima, anajua. Akauchana ukurasa wa pili vipande vipande, roho ikimuuma.

Kesho yake aliusoma ukurasa wa kwanza mbele ya darasa. Hakuna aliyecheka safari hii. Mwalimu alishika tai yake kwa furaha.

"Safi sana! Sasa tuambie, hiyo risasi ina sifa gani nyingine?"

Mdadisi aliikunja karatasi yake. "Ni nzito, Mwalimu," alijibu. "Basi, ni nzito tu."

Wakampigia makofi. Alirudi kuketi akiwa na maksi za juu kuliko wote, na hakuwahi kuzichukia maksi kama siku ile.

Wiki ya kwanza ikapita, na ya pili. Kila siku Mdadisi aliapa kwamba kesho atasema, na kesho ikija aliahirisha. Akazidi kufagia, akidhani angalau ua ukiwa safi mdogo wake atakuwa salama. Alifagia asubuhi, akafagia na jioni. Vumbi lilipanda, Chiriku akakohoa.

Jumamosi ya wiki ya tatu, saa sita mchana, Chiriku alianguka mlangoni mwa kibanda. Mikono na miguu ilikakamaa, kisha mwili mzima ukaanza kutetemeka. Mama alipiga ukelele. Baba alimbeba mtoto vile vile, na aproni yake ya kazi kifuani, wakakimbia wote hadi hospitali.

Daktari alikuwa mama mmoja mwenye macho ya kuchoka, kalamu imechomekwa kwenye nywele. Alimtuliza Chiriku kwa sindano, akamlaza, kisha akauliza maswali. Mtoto alikuwa na homa? Hapana. Aliwahi kuanguka hivi? Hapana. Tumbo? Ndiyo, na dawa ya minyoo amepewa.

"Na nyumbani mnafanya kazi gani?"

"Fundi tu, daktari," baba alijibu. "Kazi ndogondogo."

Daktari akainamisha kichwa kuandika. Mdadisi aliuona mkono ule ukiandika, akajua kwamba hiyo karatasi ikijaa bila neno lile, mdogo wake atarudishwa kibandani na chupa nyingine ya dawa.

"Baba, sema," alinong'ona.

Baba akamkata jicho. Mdadisi akasimama. "Shikamoo, daktari. Baba anayeyusha risasi ya betri. Nyumbani kwetu. Na Chiriku anachezea mle mle. Alikuwa anajua kuongea, sasa amesahau."

Daktari aliweka kalamu mezani.

"Nguo za kazi zinafuliwa wapi?"

"Kwenye beseni," mama alijibu kwa sauti ndogo. "Hilo hilo tunalomwogeshea mtoto."

"Na nani hufagia ua?"

"Mimi," alisema Mdadisi, na kwa mazoea akajisikia fahari kidogo.

"Unanyunyizia maji kwanza, au unafagia pakavu?"

"Pakavu."

Daktari aliandika. Mdadisi alielewa bila kuambiwa kwamba vumbi lile ndilo alilovuta Chiriku, na fahari ile ikamtoka.

Walipimwa damu wote wanne. Majibu yalipokuja, kila mmoja alikuwa na risasi mwilini, na Chiriku alikuwa nayo nyingi kuliko wote. Daktari alieleza polepole. Lazima wahame pale. Vile vifaa visifuate wanakohamia. Mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kula, sakafu ifutwe kwa kitambaa kibichi, isifagiwe kavu. Chiriku atapewa dawa ya kuitoa risasi mwilini.

"Itaitoa iliyomo," alisema. "Lakini kile ilichokwisha kukiharibu, dawa haikirudishi."

"Ataongea tena?" mama aliuliza. "Kama zamani?"

"Nikikuambia ndiyo, mama, nitakuwa nimekudanganya. Huenda akajifunza, kidogo kidogo, kwa miaka. Kama zamani, sitegemei." Kisha daktari akawatazama wote kwa zamu. "Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua. Huyu binti amesema, ndiyo maana mtoto yu hai. Laiti mngekuja mwezi mmoja mapema."

Mdadisi alihesabu wiki zake tatu ndani ya mwezi huo, akalia mpaka kwikwi ikamshika.

Walihamia chumba kimoja nyumbani kwa shangazi, upande wa pili wa mji. Baba aliacha timazi, akawa kibarua wa kukoroga saruji kwa waashi wale wale waliokuwa wateja wake. Kabla ya kuhama alikwenda kuwaonya mafundi betri wenzake. Walimcheka. "Mbona sisi wazima?" walisema, na mmoja wao alikuwa akishindwa kufunga kifungo cha shati kwa mikono kutetemeka.

Jioni moja baba aliketi kizingitini akinawa saruji mikononi. Mdadisi alimsogelea, akamwambia yote: kitabu, ukurasa aliouchana, makofi ya darasani. "Nilijua, baba. Wiki tatu nilijua nikanyamaza. Nisamehe."

Baba alizidi kusugua vidole. Aliposema, hakumtazama.

"Fundi aliyenifundisha kazi hii alifika mahali hawezi kushika kijiko bila kumwaga. Alikufa hatambui hata mlango wa nyumba yake. Mimi nikasema ni uzee. Hakuwa mzee, mwanangu. Alikuwa na umri wangu huu." Akakung'uta maji mikononi. "Wewe ulinyamaza wiki tatu kwa woga, na wewe ni mtoto. Mimi nilinyamaza miaka saba tangu kifo chake, kwa sababu kazi ilikuwa inalipa. Shika hili, hata ukisahau mengine yote niliyokufundisha: ukijua jambo la hatari, liseme siku hiyo hiyo, hata kama sauti inatetemeka, hata kama utamuudhi baba yako. Ukilificha, anayeumia ni yule asiyejua kitu."

Mdadisi akaingia ndani. Chiriku alikuwa ameketi sakafuni, ametulia, macho yake makubwa yakifuata nzi. Mdadisi akakaa mbele yake, akashika mguu wa kiti.

"Hiki ni kiti," alisema. "Sema, kiti."

Chiriku alikitazama kile kiti, akamtazama dada yake, midomo ikacheza bila sauti. Jana yake alikuwa amelisema neno hilo mara mbili. Mdadisi akavuta pumzi, akaanza upya.