Maoni ya Bi Sindano

Giza lilikuwa linaanza kuingia mshonaji aliporudi dukani kuweka makala kwenye blogu ya duka la mapazia. Kazi ya dakika kumi tu. Binti yake wa miaka sita alikuwa chumba cha nyuma, wanakolala, akichezea vipande vya kitambaa.

Blogu hiyo ilikuwa imemtoa jasho. Bosi alimwambia bila kupepesa macho: "Wasomaji wako mabubu. Mwisho wa mwezi nikikuta kimya hivi, kazi huna, na chumba changu uniachie." Mshonaji akawa anamaliza kila makala kwa swali, akiwabembeleza watu waseme lolote. Wapi! Hata salamu haikuja.

Ndipo akafanya jambo ambalo hata mimi ninayesimulia siwezi kumtetea. Kompyuta ya duka ilikuwa bado na akaunti ya Bi Sindano, mshonaji wa zamani, aliyezikwa mwaka juzi. Hakuna aliyekumbuka kuifunga. Akaingia kwa jina lake, akauliza pazia zito linafuliwaje, kisha akajijibu mwenyewe kwa jina la duka. Kesho yake tena. Watu walipoona kuna mazungumzo, nao wakajitosa. Bosi akacheka mpaka jino la mwisho.

"Mama, mbona unaandika tu?" binti aliuliza siku moja.

"Anayeuliza lazima ajibiwe, mwanangu. Ndiyo adabu ya kazi hii."

Bi Sindano hakujaliwa mtoto. Enzi za uhai wake alimpenda binti huyu kupita kiasi. "Niachie mimi huyu," alikuwa akisema, huku akimung'unya pipi zake za mnanaa. Mshonaji alikuwa anacheka tu.

Jioni hiyo aliandika: "Na wewe msomaji, dirisha lako linatazama wapi?" Akabonyeza. Alikuwa bado hajaingia kwenye akaunti ya marehemu...

Jibu likatokea.

*Bi Sindano: Langu linatazama kitanda cha mwanao.*

Akaunti hiyo ilifunguka kwenye kompyuta hii tu, na mbele yake alikuwa yeye peke yake. Kwa mazoea ya kazi, vidole vikaandika: "Wewe ni nani?"

*Bi Sindano: Umeniita mara kumi na moja, leo ndiyo unaniuliza mimi nani?*

Harufu ikaja. Mafuta ya cherehani... na mnanaa.

Kisha, kutoka chumba cha nyuma:

Tak... tak... tak...

Ni kanyagio la cherehani cha Bi Sindano. Mkanda wake ulikatika zamani, na hakuna aliyehangaika kununua mwingine. Mshonaji akaitafuta sehemu ya kufuta akaunti huku machozi yakimziba macho. Akafuta.

Kimya.

Akakimbilia nyuma. Binti alikuwa ameketi kitandani, mzima wa afya, anachezesha miguu. Mama akamkumbatia, akalia kwa sauti. Hakuwahi kuogopa hivyo maishani mwake. Akasikia harufu ya mnanaa kwenye pumzi ya mtoto.

"Nani amekupa pipi?" akanong'ona.

"Bibi. Aliniuliza kitu."

"Kitu gani?"

"Kama nataka kwenda kukaa kwake."

"Hukumjibu... Mwanangu, niambie hukumjibu."

Mtoto akamshangaa.

"Si ulisema anayeuliza lazima ajibiwe? Nilimwambia ndiyo. Akasema akimaliza gauni langu la safari, tunaondoka."

Mshonaji akageuka. Chini ya sindano ya cherehani kulikuwa na gauni jeupe la kitambaa cha pazia, kipimo cha mwanawe hasa. Pindo limekunjwa vizuri. Vifungo vyote vipo. Akambeba mtoto, akaukimbilia mlango, akauvuta kwa nguvu zake zote. Haukusogea.

Nyuma yao kanyagio likaanza tena, taratibu, bila haraka yoyote.

Ulikuwa umebaki mkono mmoja tu wa gauni.