Mke Asiyepepesa Macho

Maximilla aliporudi kwake Kasulu, akitoka Muyama kumuuguza mama yake, jirani yake Mwatumu alimshangaa.

"We Maxi! Unatokea wapi na mzigo? Si nimekuacha jikoni kwako sasa hivi?"

Maximilla akadhani ni utani. Lakini mlangoni alipokewa na harufu ya udi, naye hakuwahi kuchoma udi maishani. Jikoni mtu aliimba. Sauti ilikuwa yake mwenyewe, ila haikuwa na ile lafudhi ya Kirundi aliyokua nayo katika kambi ya wakimbizi ya Mtabila, aliyochekwa nayo shuleni mpaka akazoea kuongea chini chini.

Mumewe, Didas, alikuwa mezani. Hakushtuka. Aliinamisha macho.

"Nani huyo?" Maximilla alinong'ona.

"Punguza sauti. Alikuja ulipoondoka tu."

"Ukadhani ni mimi?"

Didas alitikisa kichwa. "Nilijua si wewe. Hapepesi macho."

"Mana yanje! Mungu wangu! Ukanyamaza?"

"Hapigi mayowe usingizini, Maxi. Haniulizi kama namwonea aibu mbele za watu. Anajipenda. Mimi nilichoka."

Maximilla alikimbia kumwita Mzee Hilali, mganga wa kupunga majini. Mzee akawaketisha wanawake wawili mkekani, akawakagua mpaka kovu la kidevuni, akashindwa kuwatofautisha.

"Kisomo kitamtoa yule ambaye mwenye nyumba hatamshika," alisema. "Didas, mshike mkeo."

Moshi wa ubani ukajaa chumba, na yule wa pembeni akawa anatabasamu tu bila kupepesa, na Maximilla akanyoosha mkono wake uliokuwa ukitetemeka kumwelekea mwanamume aliyemwapia mbele ya padri kwamba anampenda jinsi alivyo, na Didas akamtazama, akamtambua, machozi yakamtoka, kisha akaushika mkono ambao haukutetemeka.

Hilali akaanza kusoma. Kifua cha Maximilla kikawaka moto. Miguu yake ikamrudisha kinyumenyume, yeye hataki, hadi uani. Mlango ukafungwa.

"Didas! Unanijua!" alilia. "Mimi ndiye Maximilla!"

Akaligonga bati la mlango kwa viganja vyote viwili, akaliita tena jina lake mwenyewe kwa nguvu zote zilizobaki.

"Maximilla!"

"Abee," sauti laini ikaitika kutoka ndani.