Mzinga wa Emiliana

Treni kutoka Dodoma ilipofunga breki stesheni ya Itigi, saa nane mchana, mwezi wa saba mwaka 1997, wauza asali waliivamia kama kawaida yao. Ndoo, chupa, vidumu, kelele; kila mmoja akiapa kuwa ya kwake haijatiwa maji. Emiliana akashuka behewa la daraja la tatu na sanduku lake, gauni la kitenge la manjano, viatu vyeupe vya mtumba alivyonunua Morogoro juzi tu. Mguu wa kulia ukatua katikati ya ndoo ya asali.

"Dada, hiyo tunauza kwa lita, siyo kwa kiatu," sauti ikasema.

"Na wewe unaweka ndoo mlangoni pa behewa, ulitaka nipae?"

"Ungepaa nisingekuona vizuri hivi."

Huyo alikuwa Calist, kijana mrefu wa miaka ishirini na sita, ndani ya shati la kazi la reli lililopauka kwa jua. Shati ndilo lililobaki. Kazi yenyewe ilikwenda mwaka uliotangulia, watu walipopunguzwa. Siku zile za soko huria kila mtu aliambiwa ajitafutie, naye akajitafutia kwenye nyuki. Alichuchumaa, akamvua kiatu, akauosha mguu wa Emiliana kwa maji yake ya kunywa, taratibu, kidole kwa kidole. Hapakuwa na haja ya kwenda kidole kwa kidole, lakini mwenye mguu hakulalamika.

Hivyo ndivyo ilivyoanza, na sioni aibu kusema kwamba ilikwenda mbio. Emiliana alikuwa binti wa Mzee Philipo, mstaafu wa reli. Alisoma mambo ya misitu chuo kikuu Morogoro, na mwezi wa tisa angekwenda Bologna, Italia, kusoma mwaka mmoja kwa mpango wa kubadilishana wanafunzi. Calist aliishia darasa la saba, na habari hiyo ya Bologna ilimkaa kooni. Wiki ya mwisho kabla ya safari alimpakia Emiliana kwenye baiskeli, wakaingia kichakani alikotundika mizinga yake.

Warina asali wa kule kila mmoja ana alama anayoichonga kwenye mzinga ili mwenyewe ajulikane. Ya Calist ilikuwa mistari miwili iliyokatana. Kwenye mzinga mpya aliouonyesha siku hiyo, pembeni ya mistari, alikuwa amechonga herufi E.

"Huu wako," alisema. "Naupandisha mtini leo. Nyuki wakiingia, nakwenda kwa Mzee Philipo kuposa."

"Na wasipoingia?"

"Wataingia."

"Calist, nyuki hawapangiwi."

"Na wewe pia hupangiwi. Ndiyo maana nawasubiri nyote."

Bologna ilimpiga butwaa Emiliana tangu asubuhi ya kwanza. Mji mzima mwekundu kwa matofali. Mitaa imepangwa vibaraza vyenye nguzo, mfululizo, mvua inanyesha na mtu anavuka mji bila kulowa, kana kwamba kila mwenye nyumba tangu zamani alimfikiria mpita njia. Minara miwili inapanda juu mpaka shingo inauma, mmoja umeinama waziwazi na hakuna anayekimbia. Na chuo! Kilikuwa na umri wa zaidi ya miaka mia tisa. Siku ya kwanza Emiliana aliigusa nguzo ya mlangoni kwa kiganja, akaona haya, akatazama huku na huku, akaigusa tena.

Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, saa kumi jioni, Calist alivaa shati lililopigwa pasi akaketi kwenye benchi la ofisi ya simu ya Itigi kusubiri simu ya Emiliana, mbele ya Mzee Antipasi, aliyeitunza simu ile kama mali ya ukoo.

"Asali wangu! Unanisikia?"

"Nakusikia, mpenzi. Sema haraka kadi isiishe. Umekula?"

"Nimekula. Calist, leo nimeingia jumba la zamani la chuo. Kuta zote mpaka dari zimejaa ngao za rangi. Maelfu! Ni alama za wanafunzi waliosoma pale, wengine miaka mia nne iliyopita."

"Za kazi gani?"

"Ijulikane kwamba walikuwepo. Kama ninyi na mizinga yenu! Nilisimama shingo juu mpaka mlinzi akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia kwetu alama hizi zinakaa juu ya miti."

Calist alijaribu kuliona jumba hilo, akashindwa, akabaki na fahari tu kwamba kati ya maajabu yote yale mtu alikuwa amekumbuka mizinga yake.

"Nyuki bado hawajaingia," alisema polepole.

"Nani kakuuliza?" Emiliana alicheka. "Mimi nitafika kabla yao."

Mwezi wa nne barua ilifika, na ndani yake picha. Emiliana, gauni jeupe, taji la majani mabichi kichwani lenye utepe mwekundu, maua mkononi. Pembeni yake Mzungu kijana ndani ya suti nyeusi. Watu wanawarushia vikaratasi vya rangi. Nyuma ameandika: "Siku ya furaha kubwa! Nitakusimulia."

Dada yake Calist, Damari, alikuwa anapepeta uwele. Aliitazama picha, akaweka ungo chini.

"Kaa, mdogo wangu. Hii ni harusi."

"Hapana."

"Gauni jeupe. Taji. Mwanamume wa suti. Watu wanarusha. Unataka akutumie na keki?"

Calist alichukua panga, akapanda baiskeli, akaenda kichakani kuifuta ile herufi. Alirudi jioni, na Damari hakuthubutu kumuuliza.

Jumamosi iliyofuata benchi lilikuwa tupu.

"Shikamoo, baba. Ni Emiliana. Naomba Calist."

"Marahaba. Hayupo," alijibu Mzee Antipasi kwa ubaridi. "Hongera."

"Hongera ya nini, baba?"

Kadi ikaisha. Mwezi uliofuata hayupo, na uliofuata hayupo. Emiliana aliandika barua mbili, na Calist akazitia kwenye debe la nta bila kuzifungua, kwa sababu aliogopa kusoma jina la mume. Emiliana alilia chini ya vibaraza vile vizuri, na kwa mara ya kwanza mji ule ulimwonekea mkubwa mno.

Mwezi wa saba alirudi. Safari hii alitazama chini kabla ya kushuka. Calist alikuwa mwisho wa jukwaa, amegeuza mgongo.

"Unauzaje, kaka?"

"Kwa lita." Hakugeuka. "Shemeji hajambo?"

"Shemeji gani?"

Calist akatoa picha kwenye mfuko wa shati. Ilikuwa imelainika kwa kushikwashikwa. Emiliana akaitazama, safari hii kwa macho ya Itigi, akaangua kicheko, kisha kikageuka kilio.

"Calist! Rafiki yangu Luciana alikuwa amemaliza chuo. Kule mhitimu ndiye anayevikwa majani. Taji ni lake, aliniazima dakika mbili, na yeye ndiye aliyepiga picha! Huyu kaka yake, ana mke na mapacha."

"Na gauni jeupe?"

"Mtumba! Wa Morogoro!"

Akafungua sanduku palepale chini. Ndani mlikuwa na taji lenyewe, limekauka, utepe bado mwekundu. Luciana alikuwa amempa moja kwa moja. Emiliana akamvika Calist.

"Haya. Na wewe mkeo nani?"

Wauza asali wakapiga vigelegele. Calist alisimama na majani kichwani, macho yamemlowa.

"Emiliana, nilikwenda kufuta alama yako."

Kicheko cha Emiliana kikakatika. "Ukafuta?"

"Nilipanda na panga. Nikaweka sikio kwenye mzinga. Walikuwa wameingia, Emiliana. Wamejaa, wanavuma. Nyuki wageni ukiwagonga wanahama. Nikashuka taratibu."

"Miezi mitatu unajua wameingia, na hukwenda kwa baba?"

"Ningemwambia nini, na wewe niliamini umeolewa?"

Emiliana alimshika mkono, akamwacha abebe sanduku.

Mzee Philipo alikuwa uani akirekebisha kiti. Alimkumbatia binti yake kwa muda mrefu, kisha akamtazama kijana aliyesimama nyuma, sanduku mkono mmoja, ndoo ya asali mkono wa pili, majani makavu kichwani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Na hayo majani ni ya nini?"

Calist alifungua mdomo aeleze habari za Bologna, akaona ni ndefu mno.

"Nyuki wameingia, mzee," alisema. "Nimekuja kuposa."